Buluu ya Kisimani

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mtaalamu wa miamba. Kazini wanamwita Kucha, kwa sababu hufuga ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya kukwaruzia mawe. Akili kazitoa kwetu ujombani. Mimi mwenyewe niliiacha shule mapema ili nisiwaaibishe walimu.

Siku aliyokuja likizo alimkuta mama yake kavimba kwa hasira. Uani kulikuwa kunachimbwa kisima, palepale dobi, mpangaji wa chumba cha nyuma, alipokuwa akitundika kamba zake. Asubuhi hiyo udongo uliotolewa jana yake ulikuwa umejaa madoa ya buluu, rangi ileile ya kufulia.

"Kanimwagia buluu kwa kinyongo cha kamba zake," dada alisema. "Leo hii anahama."

Dobi alikwisha kulitoa godoro lake uani. "Ningetaka kukukomoa," alijibu, "ningeanza na shuka zako."

Kucha akachuchumaa, akakwaruza doa moja. Ukucha ukazama kama kwenye sabuni. Akatia kipande katika glasi ya maji, akakoroga. Maji yakabaki meupe.

"Buluu ya kufulia ingeshayeyuka, mama."

"Basi kanunua ile isiyoyeyuka."

"Sasa hiyo anaifulia nini?" nikauliza. Dada akanipiga jicho la kukausha nguo.

Kucha akashuka shimoni mwenyewe, akachimbua bonge ambalo jembe lilikuwa halijalifikia, akapanda nalo limefungwa kwa kitambaa cheusi. Akalipasua barazani. Ndani mlikuwa na vijiwe vyangavu kama chumvi, visivyo na rangi yoyote. Akaliweka juani, nusu akaifunika kwa mfuniko wa sufuria.

"Mama, kaa hapa. Usibanduke."

Nami nikakaa, maana kesi nzito haiendi bila mzee. Dada alilikodolea lile bonge kama paka mbele ya tundu la panya. Jua lilipoanza kuinama, upande ulio wazi ulikuwa buluu. Kucha akafunua mfuniko: chini yake vijiwe vilikuwa vyangavu vilevile.

"Hii ni fosfeti ya chuma," akasema. "Inaitwa vivianaiti. Hutokea mifupa ya zamani ikiozea kwenye tope lenye chuma. Ikiwa ardhini haina rangi, ikiona mwanga inageuka. Nimeisoma miaka yote, leo ndiyo mara ya kwanza kuishika." Akalipapasa lile bonge kama kifaranga, ingawa ukimuuliza atakataa.

"Mimi nilijua tangu asubuhi," nikasema.

"Mbona hukusema, mjomba?"

"Nilikuwa nakubakizia na wewe."

Dada akakohoa, akamgeukia dobi. "Haya, rudi chumbani kwako."

Dobi hakusogea. "Godoro lilitoka kwa amri yako, mama mwenye nyumba. Litarudi kwa mikono yako."

Dada akanitazama mimi. Mimi nikawatazama kuku. Akajitwika godoro, likakwama mlangoni, na dobi nyuma yake akimwelekeza taratibu, "Kushoto kidogo, mama. Inama. Hapo hapo." Mimi nilishika mlango, na mgongo unaniuma mpaka leo.