Siku Maître Gamaliel Alitafuta Mahali pa Kujificha

Ukipita kwetu Butembo na ukasikia mwanaume anafundisha hesabu mpaka bamama bauza-nyanya ba barabarani banajibu pamoya na batoto, huyo njo Maître Gamaliel, mwalimu mwenzangu. Miye naitwa Hadassa. Kati ya darasa yangu na yake kuna mbao tu, donc batoto bangu banajua hesabu yake kuliko yangu. Ni mutu wa Masereka, mwana wa bakulima ba viazi, anavalaka pull-over, sweta nzito, hata jua ikiwaka namna gani. Roho yake ni muzuri. Lakini ile mudomo! Mungu wangu, ile mudomo ilinichokeshaka.

Mwaka huu tuliitwa mu formation, mafunzo ya kujua namna ya kufundisha batoto historia ya chuki: namna batu banateswa na kuuawa juu ya kabila ao dini yao tu. Gamaliel akafurahi sana. "Farao! Ile mi naijua!" Akachora Musa na bahari juu ya carton kubwa, na magari ya farasi, na Farao mwenyewe na ndevu. Formateur yetu, Papa Éliakim, mutu wa kusema polepole, akaangalia carton kwa heshima.

"Muzuri sana, Maître. Lakini tutazungumuza juu ya Bayahudi ba Ulaya, mu vita kubwa ya wakati ya bankambo, babu zetu. Si Farao."

"Donc bahari haikugawanyika?"

"Hapana, Maître. Haikugawanyika."

Gamaliel akakunja carton yake, akakaa.

Kila mwalimu wa Butembo alipewa mwenzake wa Beni. Kiisha formation, wawili bataenda kufundisha somo moya mu masomo, ile shule ya yule wa Beni, mbele ya bazazi. Gamaliel akapewa Maulidi, mutu kimya, kofia ya Kiislamu ku kichwa, baba yake ni transporteur, mwenye malori. Na Maulidi alikuwa mu shida. Tangu mauaji ya ku barabara ya Eringeti, yenye bauaji balijiita Baislamu, batu bengine mu Beni bakiona ile kofia banaangalia pembeni, sawa vile yeye njo aliua. Bazazi ba masomo yake bamesema hawataki afundishe historia. Directeur amemuambia wazi: leta mwenzako, fundisheni mbele yao. Bakikataa, unaacha darasa.

Sasa sikia Gamaliel! "Mi nikae pembeni ya huyu, mbele ya Beni yote? Jamais!" Kila mara Maulidi akikaa, yeye anabeba kiti yake anasogea. Siku ya kwanza alimufungulisha hata begi, mbele yetu bote. Mule muko thermos na sambusa.

"Thermos iko na nini?"

"Chai."

"Chai ya nini?"

"Ya kunywa, Maître."

Nilikasirika mpaka masikio ikapata moto. Nikamuambia, "Gamaliel, haya haikupati, wee mutu muzima?" Akanijibu eti mutu anajichunga. Basi, jichunge.

Kiisha ikafika somo ya majina. Siye bote tulikuwa na kipande cha carton ku kifua, jina imeandikwa na feutre, kalamu nene. Papa Éliakim akatueleza: bale baliokuwa na utawala kule Ulaya balianza na maneno, kiisha sheria, kiisha kukamata batu. "Hata jina tu ingeweza kukuletea mashaka."

Gamaliel akauliza, "Majina ya namna gani?"

Papa Éliakim akafungua kinywa, akaangalia vifua vyetu. Gamaliel. Hadassa. Siméon. Jokébed. Ariel. Siye Baprotestanti tunabatizwaka na majina ya Biblia, kila moya wetu. Akashusha macho, akasoma carton yake mwenyewe. Hakukuwa ametayarisha ile. Akasema polepole, "Majina ya namna yetu."

Gamaliel akafunika jina yake na mukono.

"Mais mi ni Munande, kabila ya hapa! Wa Masereka! Ningebaeleza!"

"Hawakuwa banangoja maelezo, Maître."

Jokébed akauliza kwa sauti ya chini, "Basi hapa nani angebaki?" Bote tukageuka. Kule nyuma, peke yake, na thermos yake: Maulidi, mwenye jina ya Kiislamu.

Gamaliel akasimama. Nilizani anaenda kukojoa. Hapana, akatembea mpaka ku Maulidi, jasho inatoka chini ya pull-over.

"Maître Maulidi. Ungenificha?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Maulidi akamuangalia, akamuangalia tena.

"Fungua begi."

Wee! Jokébed alianguka ku kiti na kicheko. Gamaliel akakimbia kuleta begi, akamwaga yote juu ya meza: Farao amekunjwa, soksi, viazi viwili vya kuchoma. Maulidi akachunguza kila kitu, hata soksi.

"Ile pull-over inaonekana mbali," akasema. "Simama nyuma ya ubao."

Gamaliel akajipenyeza nyuma ya ubao. Miguu yake inaonekana yote, tumbo inasukuma ubao. Tulicheka mpaka machozi. Kiisha Papa Éliakim akasema, "Inatosha, Maître, toka." Hakutoka. Mwisho alipotoka, macho yake ilikuwa nyekundu.

"Anajua mudomo yangu," akaniambia. "Na amenificha."

Basi tukaenda Beni, miye pia, kuangalia somo yao. Mu gari alikula sambusa zote za Maulidi, ile ndiyo heshima yake. Bazazi balijaa darasa. Mbele somo haijaanza, baba moya, Papa Gérard, muuza mbao, akasimama.

"Siye hatutaki huyu afundishe batoto betu. Hatujui roho yake."

Maulidi akaweka chaki juu ya meza. Gamaliel akainuka.

"Miye naijua. Huyu alinificha."

Mu Beni hakuna mutu anachekaka hii neno, kufichwa.

"Balikuwa banakutafuta?" Papa Gérard akauliza.

"Hapana. Ilikuwa mu formation, ni mufano tu. Lakini niliogopa kweli. Na nilikuwa nimemutukana, nimemufungulisha begi. Akanificha vile vile."

Papa Gérard hakukaa. "Na weye? Ungemuficha?"

Gamaliel akabeba kiti yake, akaipeleka pembeni ya Maulidi, mbele ya Beni yote, akakaa.

Papa Gérard akabaangalia wawili.

"Basi mufundishe," akasema. "Nasikiliza."