Mwanachuo Katika Darasa la Sita

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea uuguzi, mwalimu wetu Bi. Halima aliponirudishia karatasi yangu ya mtihani. Alikuwa mwanamke wa Mwingi, mpole wa sauti, na hakuwa na desturi ya kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Aliniinamia pale kwenye dawati, akaweka kidole juu ya jibu langu.

"Mumbua, huyu mtoto umempa mililita ngapi za dawa?"

"Ishirini, Mwalimu."

"Alihitaji mbili. Huyu mtoto hatafika kesho."

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kwenye karatasi tu, mwanangu, lakini nililifunika jibu lile kwa kiganja. Bi. Halima alinieleza kwamba baada ya likizo ningepewa nafasi moja ya kurudia hesabu za dawa. Nikishindwa, chuo kingenirudisha nyumbani. Hawangeweza kunikabidhi sindano.

Huenda unajiuliza nilifikaje chuoni nikiwa hivyo. Nilifika kwa kukariri. Biolojia niliiweza kweli, lugha niliipenda, lakini hesabu nilizimeza hatua kwa hatua kama mtu anayekariri wimbo wa kigeni. Swali likija kwa sura niliyoizoea, nilipata. Likibadilishwa kidogo, nilibaki nikiuma kalamu.

Nikarudi nyumbani Kalamba na begi langu. Mama yangu, ambaye sisi kwa Kikamba tulimwita Mwaitu, alinikuta nimekaa jikoni sijawasha moto. Nilimwambia yote. Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuchagua mawe katika ndengu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Hesabu ulianza kupotea lini?"

Nilifikiri sana. Nikakumbuka mwaka ule wa ukame, nilipokuwa darasa la sita. Mvua ilikuwa imekataa kabisa, na nilipelekwa kwa shangazi yangu Kibwezi, karibu na mto, ambako walikuwa wanamwagilia vitunguu na nyanya. Kule nilishiba, ila muhula mzima sikuingia darasani. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameshamaliza sehemu na desimali. Niliona haya kuuliza, nikaanza kukariri.

"Darasa la sita," nikamwambia.

"Basi rudi huko," akasema Mwaitu, akaendelea na ndengu zake.

Mimi nilidhani anatania. Lakini kesho yake alinisindikiza hadi shule yangu ya zamani, kwa Mwalimu Kioko, aliyekuwa karibu kustaafu. Likizo yetu ya chuo haikulingana na ya shule za msingi, kwa hivyo watoto walikuwa madarasani. Mwalimu Kioko alinisikiliza huku akifuta miwani kwa shati.

"Akili unayo," akasema. "Ulikosa muhula mmoja, basi. Kesho uje na penseli."

"Nije ofisini, Mwalimu?"

"Ofisini hakuna nafasi. Darasani ipo."

Usiku huo nilimwambia Mwaitu kwamba siendi. Msichana mzima, niliyeombewa kanisani mbele ya watu wote nikienda chuo, nikae na watoto wenye kaptura? Akaniambia, "Watakucheka siku ya kwanza. Siku ya pili watachoka." Alisema kweli, isipokuwa walichukua karibu wiki nzima kuchoka.

Niliwekwa nyuma, dawati moja na msichana mdogo mwenye maneno mengi aitwaye Ndanu. Magoti yangu yaligonga ubao wa dawati kila nilipogeuka. Ndanu aliniangalia daftari, kisha akaniangalia uso.

"Wewe si ndiwe unayeenda kuwa sista wa hospitali?"

"Ndimi."

"Na hujui robo ya nusu?"

"Sijui."

Alifikiri kidogo, akasogea ili nimwone vizuri anavyochora. Hakunicheka tena baada ya hapo. Nadhani aliona nimemwambia ukweli.

Mwalimu Kioko alifundisha kwa mtungi wa maji na vikombe. Alimimina, akagawanya, akatuuliza kilichobaki, na maji hayo yakaishia kwenye miche ya mipapai iliyokuwa nje, kwa sababu kwetu maji hayamwagwi ovyo. Na alikuwa na sharti moja. Hakumruhusu yeyote kugusa penseli kabla ya kusema: jibu litakuwa kubwa kuliko hiki nilichopewa, au litakuwa dogo? Ukikimbilia kuhesabu, alikuja akakuchukulia penseli bila neno. Yangu aliichukua mara nyingi.

Mwanzoni niliona anapoteza wakati. Siku moja tukapewa swali la mama mwenye chupa ya mafuta anayetaka kutumia sehemu tu ya yale yaliyomo. Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Litakuwa dogo." Nikahesabu, na jibu likaja dogo. Hapo nikaona kosa langu la chuoni lote, limesimama mbele yangu. Chupa nzima ya dawa haikuzidi sana kile nilichotaka kumpa mtoto mchanga, na mimi sikuwa nimesimama hata kidogo kujiuliza. Nilihesabu kama kipofu.

Kuanzia hapo masomo yalinipendeza. Mwalimu alinitaka nimweleze Ndanu kila nilichokielewa, na Ndanu hakukubali maelezo ya juu juu. Akiniambia "sijaelewa," mara nyingi nilikuta ni mimi sijaelewa. Jioni nilimweleza Mwaitu tena, kwa Kikamba, tukitwanga mahindi ya muthokoi, yale yanayotolewa maganda kabla ya kupikwa. Alikuwa anaitikia tu, lakini kulieleza jambo kwa lugha ya nyumbani kulinilazimu nijue ninachosema.

Likizo ilipoisha nikarudi chuoni. Siku ya mtihani wa kurudia, nilisoma swali la kwanza polepole, nikalisoma tena, nikaweka penseli chini. Kubwa au dogo? Ndipo nikaanza.

Sikupata alama zote, mwanangu, lakini nilipita. Bi. Halima aliponirudishia karatasi, safari hii hakuniinamia.

"Nani amekufundisha likizo hii?"

"Darasa la sita, Mwalimu."

Alidhani hakusikia vizuri. Nilipomweleza alicheka hadi akavua miwani, kisha akaniomba niwasaidie wenzangu wengine waliokuwa wanahangaika na hesabu hizo. Sikujua kuwa walikuwepo. Kila mmoja alikuwa amejificha kivyake kama mimi. Tukawa tunakutana kila alasiri nyuma ya bwalo, tukielezana, na wote tukamaliza chuo. Nimewapa watoto wa watu dawa katika Kitui na Makueni mpaka nikastaafu, na nimelala usingizi mzuri.

Sasa wewe nawe unaelekea chuo cha uuguzi, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Nisikilize. Ukiona jambo halikai kichwani, usikimbilie kulikariri. Rudi nyuma utafute mahali ulipoachwa, hata kama ni pa chini kiasi cha kukuaibisha, ukalianzie pale. Soma swali mpaka ujue linataka nini, na ukipata jibu uliangalie kama linaingia akilini. Mweleze mwenzako ulichosoma kwa maneno yako mwenyewe. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia. Na uulize mapema, siku ile ile, kabla aibu haijakua kubwa kuliko swali.

Mungu akutangulie katika kila darasa utakaloingia. Akupe walimu wenye subira na marafiki wa kusoma nao, na moyo usioogopa kusema "sijui." Ukaelewe unachosoma, mwanangu, na watu wapone mikononi mwako.