Dada Yangu Aliniuliza Mapema, Nikamcheka

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilikuwa tabibu katika zahanati moja huku Kahama, miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni.

Siku moja alikuja daktari mgeni kutufundisha. "Msimsubiri mtu augue kisukari," alisema. "Watafuteni mapema: aliyezaliwa na mgonjwa, mwenye kitambi, mama anayejifungua watoto wakubwa kupita kiasi. Hao wakibadili ulaji na kuushughulisha mwili, wengi wataepuka."

Mimi nikasikia kitambi tu! Nikawa nawafuata matajiri wa madukani na kuwahubiria. Walinishukuru, nami nikavimba kichwa.

Dada yangu, Mama Kulwa, alikuwa akiuza chai na maandazi stesheni ya Isaka. Mwembamba, kutwa yuko kwenye kigoda, kikombe cha chai tamu mkononi. Akapanda lori akanifuata.

"Mdogo wangu, mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Na yule kitinda mimba wangu unakumbuka alivyokuwa mkubwa, nusura nife. Mimi nifanyeje?"

Nikachemsha mkojo wake na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari. Ukabaki buluu, safi.

"Huna kitu, dada! Huu ugonjwa wa matajiri. Wewe na wembamba huo?" Nikacheka. Tena nikamfungia kilo ya sukari niliyoipata kwa kujuana. Jamani, mimi!

Angenisikia dada yangu. Ningemwambia acha sukari, angeacha siku hiyohiyo.

Miaka ikapita. Akarudi na kidonda cha mguu, amekifunga kanga, kinanuka. Nikachemsha tena mkojo. Ukageuka mwekundu kama tofali: sukari imejaa. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta mlango. Mke wangu amechoka kuniuliza kulikoni.

Mwezi uliopita nilikwenda Isaka nikamwambia dada yote, hata maneno ya yule daktari. Akageuza maandazi kwenye karai.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Nami nilikuja kwa miguu yangu miwili kukuuliza."

Heri angenitukana!

Watabibu wenzangu, msimpime mtu kwa macho. Na wewe ambaye mzazi wako aliugua, hata kama u mwembamba, hata kama leo mkojo ni safi, nenda kaulize. Ukijibiwa kwa kicheko kama changu, uliza tena!