Gari Lililoteremka Kimya

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na sioni sababu ya kulificha hilo. Niliondoka kijijini kwetu Kinyangiri, mkoani Singida, nikiwa na begi moja la nguo na cheti cha kidato cha nne kisichokuwa na alama za kujivunia. Dar es Salaam nilibeba mizigo mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya usafirishaji. Baadaye nikaenda Uarabuni, nikafanya kazi bandarini miaka tisa. Niliporudi nyumbani nilirudi na pikapu ya kebini mbili, ramani ya nyumba, na kijana wangu wa miaka kumi na saba aliyekulia mjini kwa mama yake. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa pili aliyefika nilikofika mimi. Hilo lilikuwa kweli wakati ule na ni kweli hata leo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yananiuma zaidi.

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuondoka. Analima alizeti, mtama na mahindi, na plau yake huvutwa na jozi ya maksai aliowafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama. Binti yake wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, ana miaka kumi na minane, anasubiri matokeo. Alitaka jambo moja tu: kwenda chuo cha ufundi Singida mjini akajifunze kuendesha mitambo mikubwa, magreda na matrekta. Kaka hakulipenda wazo hilo, lakini hakulikataa. Alimwambia binti yake mbele yangu, "Baba yako mdogo ni mtu wa magari. Akufundishe. Akiniambia unaweza, utakwenda. Akiniambia huwezi, tutatafuta jambo lingine."

Nilikubali nikiwa nimevimba kifua. Nikasema nitawafundisha wote wawili, yeye na kijana wangu, na kabla ya Krismasi watakuwa madereva.

Tulianzia kiwanja cha mpira cha shule, wanafunzi wakiwa likizo. Kijana wangu alikuwa wa kwanza kukaa kwenye usukani kwa sababu aliamini kuendesha ni jambo la kuzaliwa nalo. Aliachia klachi kama mtu anayeruka ukuta; gari likaruka, likatikisika, likazimika. Akawasha, likazimika tena. Binti alikuwa amekaa nyuma, amefunika mdomo kwa kanga.

"Cheka tu, dada," kijana akasema. "Zamu yako inakuja. Hili siyo plau."

"Ingekuwa plau ungeshalala kwenye mtaro," binti akamjibu.

Zamu yake ilipofika, aliuliza kwanza kila kanyagio linafanya nini, akavua kandambili zake, akakanyaga klachi kwa mguu mtupu ili aisikie. Akaiachia polepole mpaka gari lilipoanza kunguruma kwa chini, akaongeza mafuta kidogo, na tukaondoka. Tukazunguka goli, tukazunguka mti wa kengele, tukarudi. Hakulizima hata mara moja.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Mwaka jana wakati wa kuvuna nilikaa na yule dereva wa trekta linalotoka kule Nduguti, baba mdogo. Alikuwa ananieleza anachofanya."

Sikufurahi kusikia hivyo. Nilitaka awe amejifunza kwangu.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Miaka yote tisa ya Uarabuni niliendesha magari yanayojibadilisha gia yenyewe. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mizigo. Gari lilikuwa la kunipeleka kutoka lango hili hadi lile, kwenye lami iliyonyooka, bila kilima. Gari la klachi nililijua kutoka siku zangu za Dar, tena kidogo. Pikapu niliinunua kwa sababu ndiyo niliyoipata. Kutoka Dar mpaka Singida nilikuja nikitokwa na jasho kila penye kilima, na nilipofika nikashuka nimeweka miwani, nikasalimia watu kwa sauti ya mtu aliyetoka kuvuta sigara barazani.

Wiki ya tatu niliona kiwanja kimekuwa kidogo kwetu. Nilikuwa najenga, na mafundi walihitaji maji. Nikaamua tuchanganye kazi na somo: binti ataendesha mpaka kisimani, tutajaza mapipa manne, tutarudi nayo. Njia ile ni yetu ya mashambani, haina magari, ila kabla ya kufika nyumbani inapanda mgongo wa kilima kisha inateremka kwenye changarawe mpaka korongoni.

Wakati wa kurudi, alipanda vizuri. Kileleni akaweka gia ya pili, akaanza kuteremka taratibu, injini ikinguruma kama inavyonguruma inapolishikilia gari. Mimi mlio ule ulinikera. Masikioni mwangu, mtu aliyezoea magari ya kimya, ulikuwa mlio wa gari linaloumia. Tena nilikuwa nimewasikia madereva wa malori wakisifia kuteremka bila gia, kwamba unaokoa mafuta.

"Weka free," nikamwambia. "Liache lishuke lenyewe."

Akanitazama kidogo. "Baba mdogo, tuna maji nyuma. Nikitoa gia si litakimbia?"

"Litakimbia kwenda wapi? Breki si unayo?"

"Dereva wa trekta alisema kwenye mteremko, gia..."

"Kati yangu na dereva wa trekta nani ana diploma?"

Kijana wangu, nyuma, akacheka. Kwetu mtoto akishajibiwa hivyo na mkubwa wake, mazungumzo yamekwisha. Ukiendelea, unaitwa huna adabu, na aibu inamfikia mama yako. Binti akakanyaga klachi, akatoa gia.

Gari likanyamaza. Nakumbuka nikifikiri, naam, hivi ndivyo gari linavyotakiwa kwenda. Kisha mapipa yakaanza kutusukuma. Alikanyaga breki, magurudumu yakateleza juu ya changarawe kama yamewekwa juu ya punje za mtama. Akajaribu kurudisha gia, ikakwaruza ikakataa. Mimi nilikuwa nakanyaga sakafu kwa mguu wangu, mahali pasipo na breki, nikipiga kelele ndani ya vioo vilivyofungwa, "Breki! Breki!" kana kwamba hakuwa amekwisha kuikanyaga.

Chini, kwenye kona ya korongo, kaka yangu alikuwa anatoka shambani na maksai wake wakiwa na nira. Hakutusikia. Maksai hawakutusikia. Binti alilivuta gari upande wa kichaka, na alifanikiwa karibu kabisa. Alimkwepa baba yake, akamkwepa maksai wa kushoto. Wa kulia akagongwa mguu wa nyuma.

Tuliposhuka alikuwa amelala ndani ya nira, mwenzake amesimama juu yake anavutwa shingo. Mguu ulikuwa umekatika. Kaka alipiga magoti, akamgusa, akainuka bila kumtazama yeyote, akaanza kufungua nira.

Watu wakaja. Akaitwa jirani yetu Mwislamu amchinje, ili kila nyumba iweze kula nyama ile. Alipokwisha kuchinjwa, kaka alisimama na kamba mkononi, kijasho kinamtoka, na watu kama ishirini wamemzunguka.

"Gari limekuja kimya," akasema. "Gari linaloteremka husikika. Hili limekuja kimya kama nyoka. Kwa nini?"

Binti alinitazama. Mara moja tu. Si jicho la kunishtaki. Lilikuwa jicho la mtoto anayengoja mkubwa aongee kwanza, kama ilivyo desturi. Alinipa nafasi. Nahesabu kwamba nilikuwa na muda wa kutosha kuvuta pumzi tatu.

Sikuongea. Basi akatazama chini, akasema, "Nilitoa gia, baba. Nimekosea."

Ningenyamaza hapo, kosa langu lingekuwa kunyamaza tu. Lakini watu walikuwa wananitazama, mimi mtu wa Uarabuni, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Vijana wa siku hizi wana haraka, kaka. Unawaelekeza hivi, wanafanya vile."

Wazee wakaitikia. Mama mmoja akasema kwa Kinyiramba kwamba usukani si mwiko wa ugali, na watu wakaguna. Kijana wangu alikuwa amesimama nyuma ya pikapu. Nilimwona ananitazama, kisha akageuka akaanza kukagua taa ambayo haikuwa na kitu.

Siku iliyofuata nilikwenda mnadani nikanunua maksai mwingine, nikamletea kaka. Hapo ndipo nilipopata adhabu yangu ya kwanza, ingawa ilikuja kwa sura ya sifa. Kaka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mdogo wangu, umelipa kosa la mtoto ambaye si wako." Kijiji kizima kikasema hivyo hivyo. Kisimani, kanisani, kwenye mashine ya kusaga: mwenye moyo, aliyesoma, hakusahau kwao. Mimi napenda sifa, sitadanganya. Zile hazikumezeka.

Kuhusu chuo, kaka hakuniuliza tena. Alimwambia binti, "Jambo la mitambo limekwisha." Akasema hivyo bila ukali, kama mtu anayefunga mlango ili upepo usiingie.

Mvua ziliposhuka, maksai mpya hakuijua plau wala mwenzake. Alivuta pembeni, alilala ndani ya mtaro, alikataa kugeuka. Ilibidi mtu awatangulie akiwashika kamba tangu alfajiri, kazi ambayo kwetu hupewa watoto wa miaka kumi. Kaka alimpa binti. Kila asubuhi nilimwona kutoka kwenye msingi wa nyumba yangu, matope mpaka magotini, akirudi nyuma-nyuma mbele ya ng'ombe. Tukikutana alipiga goti kidogo: "Shikamoo, baba mdogo." Sauti ile ile ya siku zote. Niliitikia marahaba nikitazama mahali pengine.

Kijana wangu ndiye aliyenivunja. Tulikuwa tunakula.

"Baba, mimi nikigonga ng'ombe, utasema ni mimi?"

"Kula."

"Nauliza tu. Kwa sababu kesho ni zamu yangu, na ukiniambia niweke free sitaweka."

Nilimwita mtovu wa adabu. Akanawa, akatoka. Wali wangu ulipoa sahanini.

Kwanza nilikwenda kwa kaka peke yake, barazani kwake. Nikamwambia yote. Alikwangua matope kwenye kidole cha mguu kwa kijiti mpaka yakaisha.

"Siku ile tulikuwa wangapi?" akauliza.

"Wengi."

"Na leo tuko wangapi?"

Nikamwelewa.

Jumamosi ile majirani walikuwa wanakuja kumsaidia kulima, jozi nne za ng'ombe, na shemeji ametengeneza togwa. Walipopumzika kando ya uzio, nilisimama. Nimewahi kusimama mbele ya mameneja wa mataifa mengi bila kutetemeka. Pale nilishika mti wa uzio kwanza. Nilisema ni mimi niliyemwamuru binti atoe gia, kwamba yeye alinionya na nikamnyamazisha, na kwamba yule maksai sikumlipia mtu. Nililipa kosa langu. Kisha, kwa kuwa nilishaanza, nikasema kwamba magari ya klachi siyajui vizuri, huko nilikokuwa yanajibadilisha yenyewe.

Jirani yule aliyechinja akauliza, "Sasa ile diploma?"

"Ni ya kupanga mizigo."

"Loo! Basi ungepanga yale mapipa vizuri."

Wakacheka, wengine mpaka wakamwaga togwa. Nilisimama katikati ya kicheko kile na sikupata pa kuweka mikono yangu. Kaka hakucheka. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amekaa na wanawake, akamwambia mbele ya wote, "Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Chuo utakwenda, kama bado unataka."

"Nataka, baba," akasema.

Jioni nilimfuata akiwafunga ng'ombe. Nilimwambia nasikitika. Nikaongeza, kwa tabia yangu, kwamba tuanze tena Jumatatu, kwamba nitamfundisha mpaka aingie chuoni akiwa mbele ya wenzake wote.

Alimaliza kufunga fundo kwanza. "Baba mdogo, nimekusamehe. Nitakuja kwako, nitakupikia, nitakusalimia kila siku. Lakini kwenye gari usikae na mimi."

"Utajifunza na nani?"

"Na yule wa trekta. Amesema anaweza kuja Jumapili, gari likipatikana."

Nilitaka kusema kwamba yule hajavuka hata mpaka wa mkoa, kwamba hana cheti cha aina yoyote. Maneno yalifika kwenye meno. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, kama anavyofanya siku zote.