Fundi Winchi na Mwalimu wa Mkewe

Fundi Winchi alikuwa mtu wa maneno machache na wivu mwingi, na kazi yake haikumsaidia. Ndege za klabu yao hazina injini. Huvutwa kwa waya mrefu mpaka zipae, kisha rubani huuachia waya huko juu. Yeye alikaa na winchi yake, mashine ya kuuvuta waya huo, mwisho wa uwanja, macho kwenye geji ya kupima mkazo. Mkazo ukizidi, waya unakatika. Ukipungua, ndege inakosa nguvu ya kupanda. Watu wenyewe aliwaona kwa mbali, wadogo kama sisimizi.

Basi mke wa mtu huyo akaamua kujifunza kurusha ndege, tena kwa mwalimu kijana, mcheshi, mwenye meno meupe. Kila jioni ni mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile, mpaka chakula kikamkwama fundi kooni. Kijiba cha roho kilimkaa, wala hakujua kukificha. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, akajimwagia manukato, kibanda cha winchi kikanukia kama saluni. Wenzake wakamtania kwamba wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Na kweli alikuwa amekonda.

Asubuhi moja redio ikamwambia ndege iko tayari, ndani yumo mtu mmoja. Mkewe siku zote hupanda na mwalimu. Kama ni mtu mmoja, fundi akawaza, basi ni yule bwana anakwenda kujionyesha, na mke wangu yuko chini anamtazama kwa macho ya kummeza. Roho ikamchoma. Alianza kuvuta vizuri, ndege ikainua pua, halafu mguu wake ukapunguza mafuta. Mshale wa geji ukashuka chini ya alama ya kijani. Alitaka jamaa arudi mapema, aibu imemjaa usoni. Mtu mzima na akili zake!

Ndege ikainamisha pua, ikaachia waya, ikazunguka karibu na vilele vya miti, ikatua kwa kurukaruka. Fundi akapanda pikipiki upesi kwenda kuishuhudia aibu hiyo. Kifuniko cha ndege kilipofunguliwa, akashuka mkewe. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, uso umempauka.

Fundi akaiachia pikipiki ikaanguka. Mke akamkimbilia na kumkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilimwomba mwalimu asikwambie, nilitaka nikushtue," alisema huku anahema. "Lakini nilipoona waya unanivuta polepole vile, nikajua baba watoto kanitambua, ananibeba kama yai. Woga wote ukaniisha. Si ulijua ni mimi?"

Mwalimu alijua vizuri waya uliolegea humfanya nini rubani mgeni. Akamtazama fundi, akasubiri jibu pia.

"Nilijua," fundi akasema, na hakuweza kumwinulia macho hata mmoja wao.