Benchi Zangu Zikijaa Saa Nne

Chuo kikuu cha watu binafsi kilifunguliwa hapa Nyamasaria kwa jengo ambalo zamani lilikuwa stoo ya mbao. Wiki hiyo hiyo nikaweka kibanda yangu mbele ya geti. Shule mimi niliiona tu nikipita nje, lakini chapati naijua. Chapo yangu ni kubwa, mvua ikinyesha wanafunzi watatu wanajifunika moja na bado inabaki ya kula.

Biashara ikashika. Kila siku saa nne asubuhi benchi zimejaa, foleni inakaribia Ahero.

"Kwani hamna darasa?" nauliza.

"Mwalimu hajakuja, Mzee. Ongeza madondo."

Naongeza maharagwe, nacheka mpaka jino la mwisho. Hao walimu nilikuwa nawaombea wapumzike vizuri.

Halafu msichana wangu akaingia hapo hapo, kozi ya unesi. Wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Tulisherehekea mpaka viboko wakatoka ziwani kuuliza kuna nini. Wiki ya sita, saa nne, nainua macho kutoka kwa kikaango, namwona ameketi kwa benchi yangu.

"Na wewe? Hapa ni darasani?"

"Baba, mwalimu wa mambo ya mwili tumemwona mara mbili tu tangu tufungue."

Chapo ikaungua. "Sasa mgonjwa akiletwa hajiwezi, utampea madondo?"

Wenzake wakacheka. Yeye akageuza uso. "Nitamaliza hiyo miaka yote na sijui kitu, Baba."

Hapo ndio niliona: siku yangu nzuri ni siku yake mbaya.

Kesho yake nikauza mpaka saa mbili, nikafunga mpaka saa ya lunch. Benchi nikazipindua miguu juu, nikasimama hapo kama askari wa benki.

"Mzee, unatuua na njaa!"

"Enda uambie mkubwa wenu. Chakula iko, mwalimu ndio hayuko."

Walienda kweli. Mtu ana njaa na hana pa kukaa, huyo ni mkali kuliko nyuki. Wakajaa kwa ngazi, wakajaa kwa mlango ya ofisi, na mbele yao msichana wangu, yule nyumbani hata kuku anaogopa kufukuza. Siku ya tatu mama mkuu wa chuo akashuka mwenyewe.

"Mzee, tafadhali, fungua kibanda."

"Leta mwalimu kwanza, Mama."

Akavuta pumzi. Akaniambia ukweli: huyo mwalimu vyuo vitatu vinamgawana, asubuhi yuko Kakamega. "Tulifungua haraka, Mzee."

"Basi tafuta wa kukaa."

Akatafuta. Akaleta mama mmoja aliyestaafu unesi, amekaa kwa wodi mpaka vitanda vinamjua. Sauti yake! Akitaja "ini" huko juu, ng'ombe wa Kano wanasimama kusikiza. Maabara bado ni meza mbili na sinki, sidanganyi. Lakini sasa msichana wangu anakuja saa ya lunch na maswali, ananishika mkono, anahesabu mapigo, ananikataza chumvi mbele ya wateja.

Juzi saa nne, kibanda nimefungua tena, dereva wa boda akaona benchi zote tupu. "Omera, ndugu yangu, leo biashara ni mbaya?"

"Mbaya sana," nikamwambia, nikamjazia chai bure.