Mafuta Yaliyoganda kwa Wakwe

Asubuhi moja ya mwezi wa sita haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya majirani yananitoka ovyo. Wewe uliyezaliwa hapa Lubumbashi unajua mwezi wa sita ulivyo: maji ya kunawa yanauma vidole, na mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Ndiyo asubuhi niliyopeleka chakula kwa wakwe.

Upande wa mama sisi ni Wabemba. Kwetu, kijana akishachumbia, familia ya msichana hupika vyakula vya kila aina na kuvipeleka kwao kijana. Tunaita kuonyesha moto. Wakwe waone jinsi mtoto wao atakavyolishwa, halafu arusi iendelee. Wasichana wengi hubaki nyumbani wakisubiri habari, lakini mimi nilikataa. Nilijiona fundi, nikataka kuziona nyuso za watu wa Ilunga, mchumba wangu, wakionja.

Kujiona kwangu kulikuwa na sababu. Tantine, yaani shangazi yangu, alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya mtaa wa Golf, na ndiye aliyenifundisha mafuta meupe ya mimea, yale magumu ya kopo. Mtaani kwetu, Hewa Bora, tulizoea mawese. Tantine alinionyesha jinsi ya kuyasugua kwenye unga kwa ncha za vidole, yakiwa bado baridi, mpaka unga uwe kama mchanga. Biskuti zake zinavunjika zenyewe mdomoni. Nikayapenda kupita kiasi. Siku ile nilitengenezea biskuti, nikakaangia bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, nikapikia kuku na maharage, na hata sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo kila mwenye akili anaipika kwa mawese.

Wakwe walikaa mbali, kule Annexe penye mashamba. Mjomba alitupeleka na gari lake lililo wazi nyuma, upepo ukatupiga njia nzima. Tulipofika tuliimba, tukapiga magoti, tukapanga sufuria kwenye mkeka. Mama mdogo, aliyetuongoza, akafunua ya kwanza.

Kuku alikuwa amefunikwa na tabaka nyeupe, ngumu. Maharage hivyo hivyo. Sombe ilikuwa na ukoko mweupe, kijani kikichungulia pembeni. Dada yake Ilunga alichovya kidole, akakiangalia, akauliza kwa upole kabisa:

"Mulipika na buji?"

Buji ni mshumaa. Nyumba nzima ilicheka. Mama mkwe hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi, kwa sababu tangu mwanzo alikuwa akisema kwamba mimi sitaweza kumlisha mwanawe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikajua arusi yangu inanitoka mikononi. Nikaanza kufunika sufuria, nikamwambia mama mdogo twende, tutapika upya siku nyingine.

Ndipo akaongea Kambo Yumba, nyanya yake Ilunga, aliyekuwa amekaa pembeni na blanketi mabegani. Mimi nilidhani amelala.

"Mutoto, unapeleka wapi bile bintu? Ulikuya kutuonyesha moto, sasa unatuonyesha mugongo?"

Nikamjibu, machozi yakiwa karibu, kwamba chakula kimeharibika.

"Haikuharibika. Iko na baridi tu, sawa siye bote." Akawageukia wengine. "Na benye kucheka, hakuna mwenye kujua makala iko wapi?"

Kicheko kikaisha. Yule dada ndiye aliyetumwa kuleta mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa, na akalipuliza mwenyewe. Kambo Yumba alinikalisha karibu naye, tukapasha sufuria moja baada ya nyingine, akanifanya nikoroge polepole. Weupe ukayeyuka, harufu ya kuku ikajaa nyumba. Watoto wakasogea, kisha wakubwa. Kambo akaonja kwanza, halafu akampa mama mkwe kijiko. Mama mkwe akala, akaomba tena, nami nikapumua.

Biskuti hazikuhitaji moto. Ziliisha kabla sijasimama. Sombe, niseme ukweli, haikupendwa na mtu hata ilipopata joto.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Kambo Yumba aliniita kando.

"Bwana yako naye ataganda siku moja," akasema. "Usimufunike, usimurudishe kwabo. Leta makala."

Nilicheka tu, sikuelewa. Miaka ikapita, kisha Ilunga akasimamishwa kazi mgodini, akanyamaza. Anaingia, anatoka, hasemi. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu niende kwa mama, nikakaa kitandani nikajiuliza: huyu mtu ameharibika, au ana baridi? Nikarudisha nguo kabatini, nikamkaangia bitumbula, nikakaa mbele yake. Siku ile hakusema kitu, wala ya pili. Lakini mwishowe aliongea, na nilifurahi kuliko siku ya arusi. Leo yuko uani, mzee mzima, anauliza kama biskuti zimeiva.

Basi, mwanangu, yangu ni haya. Mafuta meupe yatie kwenye unga yakiwa baridi. Ukiyapikia mchuzi, watu wale ungali moto, na sombe iachie mawese. Na mtu wako akiganda, awe mume, ndugu au rafiki, usiharakishe kufunika sufuria. Angalia kwanza. Kilichooza kina harufu yake, utakijua, na hicho kitupe bila kumwomba mtu ruhusa. Kilichoganda kipashe, hata wengine wakicheka.

Mungu akubariki, akupe jiko lisilokosa makala. Na siku utakapotaka kukimbia na sufuria zako, akupe mtu wa kukuuliza unakwenda wapi.